Nafasi Moja Katika Safu ya Tarumbeta

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: ukifika kwa watu njaa imekubana, mwenye nyumba akakuuliza utakula nini, utamjibu nini?

Kama umelelewa kwetu Bukoba, utasema, "Asante, nimeshiba." Mwenye nyumba naye anajua si kweli. Atakuuliza tena, utasema labda maji tu. Atakuuliza mara nyingine huku sahani ameshaiweka mbele yako, na hapo unakula bila aibu, maana si wewe uliyetaka, ni yeye aliyekulazimisha. Hivyo nilivyolelewa, hivyo nilivyomlea mwanangu Vumilia, na hivyo nilivyomlea Domina, binti wa Vumilia, mpaka alipotimiza miaka kumi na mitano tukapanda ndege kumfuata mama yake huku Silver Spring, Maryland.

Vumilia alikuwa ametutangulia miaka mingi. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawapangia vidonge. Akirudi nyumbani ananikuta na mimi mzee mwingine, masikini, lakini mimi najiogesha mwenyewe.

Domina alikuja na tarumbeta. Ilikuwa ya babu yake, marehemu mume wangu Ferdinand, mpigaji wa kanisa letu la Kilutheri. Ferdinand alipiga Krismasi, alipiga Pasaka, alipiga kwenye harusi na kwenye misiba, na siku moja aliipiga akiwa juu ya baiskeli kuwaonyesha wenzake, akaanguka nayo, ndiyo maana ina bonde pembeni karibu na domo lake kubwa. Kifua kilipoanza kumsumbua, alikuwa anamkalisha Domina kwenye benchi nje ya jiko anamfundisha. Mtoto mdogo, mashavu yamevimba kama ana jino bovu. Majirani walikuwa wanafunga madirisha. Ferdinand anawaambia wavumilie, huyu atakuja kuwapigia siku watakapofurahi.

Kwenye ndege Domina aliipakata njia nzima, imefungwa kwenye kitenge changu cha njano. Pale uwanja wa Dulles askari akataka tuifungue. Alipoona ni tarumbeta akacheka, akamwambia Domina apulize kidogo. Domina akasema hapana, asante. Askari akasema haya, piteni. Mimi nilimjua mjukuu wangu. Alikuwa anasubiri aambiwe mara ya pili.

Hapa Maryland tarumbeta ilipigwa Jumapili tu, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, mchana, katika ukumbi tulioazimwa na kanisa la Wamarekani. Siku nyingine, kwa sababu kuta za nyumba hizi za ghorofa ni nyembamba, Domina alishindilia soksi ya mama yake ndani ya domo ili majirani wasigonge. Shule ya sekondari hakuingia bendi. Alifika katikati ya mwaka, akawekwa kwenye madarasa ya Kiingereza, na jioni alikuwa anawaangalia watoto wa jirani.

Sasa siku moja tulikuwa tumekwenda kununua ndizi kwenye duka la Waafrika, tukakuta barabara ya Georgia imefungwa kwa maandamano ya sherehe fulani. Ikapita bendi ya chuo. Sijui nikuelezeje. Vijana wengi, weusi kama sisi, makoti yenye vifungo vinavyowaka, kofia ndefu zenye manyoya meupe juu. Wanapiga huku wanatembea, na kutembea kwenyewe si kutembea: goti linapanda mpaka usawa wa kiuno, wote kwa pamoja, halafu matarumbeta yanazungushwa kushoto na kulia kama upepo unapita shambani. Kwetu tarumbeta inakwenda mbele ya jeneza, polepole, ili wazee wanaofuata wasiachwe. Hapa ilikuwa inacheza. Nilimgeukia Domina kumwambia tazama, nikakuta mfuko wa ndizi ameuachia chini na hajui.

Chuo kile kiko mjini, upande wa Shaw, ni cha siku nyingi, watu weusi walisoma pale wakati milango mingine ilikuwa imefungwa. Domina akaomba hapo, akapata. Agosti ya mwaka 2006 akaanza. Akatuambia amekwenda kujiandikisha kwenye bendi. Jioni yake nilikaa sebuleni nikimsubiri, hata chai sikunywa.

Alirudi akasema amepokelewa. Nikapiga vigelegele. Vumilia akatoka chumbani na taulo kichwani kuuliza kuna nini. Halafu Domina akaeleza kazi aliyopewa. Atakuwa kwenye kundi la vifaa. Watabeba mapipa ya maji ya kunywa, watapiga brashi makoti, watachomeka yale manyoya kwenye kofia kabla ya mechi za mpira za chuo, ambako bendi hupiga, na kuyachomoa baadaye. Akasema ni kazi nzuri, watu wazuri.

"Na tarumbeta?" nikamuuliza.

"Wapigaji wako wengi, Bibi," akasema, akaingia jikoni kuosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha.

Vumilia akaona ni heri. Atapata muda wa kusoma, maana anasomea mambo ya dawa, na masomo yale ni magumu. Wamekupa kazi, shukuru, akamwambia.  Lakini mimi nina macho. Wiki zile nilimwona Domina mezani, kwenye basi, kanisani wakati wa mahubiri, vidole vitatu vya mkono wa kulia vinagonga paja. Hiki, halafu hiki na hiki, halafu vyote. Ferdinand alikuwa na ugonjwa huohuo. Nilimjua mtu anayepiga tarumbeta isiyokuwepo.

Nikaona hapana, niende nikaone mwenyewe. Jumamosi moja ya Septemba nilikanda unga alfajiri, nikachoma maandazi ya iliki, nikajaza chombo kile kikubwa cha mfuniko wa bluu. Nikachukua na kahawa yangu ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani yake na kukaushwa, ndugu zangu hunitumia kutoka nyumbani. Kwetu hupokei mgeni bila kahawa hiyo, wala huendi kumwona mtu mwenye neno zito ukiwa mikono mitupu. Vumilia alikuwa kazini. Nikapanda treni nyekundu Silver Spring, nikashuka Fort Totten, nikapanda ya kijani mpaka Shaw. Wakati ule nilikuwa siijui sana, nilimwuliza kila mtu mwenye sura ya huruma.

Uwanjani niliwakuta wamejaa. Jua kali. Domina nilimwona mbali, anavuta kigari cha mapipa ya maji, amefunga kitambaa kichwani, anagawa vikombe kwa heshima zote, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia kama nilivyomfundisha. Vijana wanapokea wanakunywa wanatupa kikombe. Nikakaa kwenye benchi la chuma, likaniunguza, nikakunja kitenge nikakalia.

Walipopumzika akaja msichana mmoja mrefu, jasho linatiririka, tarumbeta kwapani. Kumbe alisikia nilivyomwita Domina kwa Kiswahili nilipofika. Akanisalimia shikamoo, kwa lafudhi ya Kenya, halafu akaniita Shosho, yaani bibi. Jina lake Lorraine. Wazazi wake Wakikuyu, yeye kazaliwa hapahapa Maryland, anasikia Kiswahili lakini kukijibu kunampa shida, anarukia Kiingereza kila baada ya hatua. Na ndiye alikuwa kiongozi wa safu ya tarumbeta.

Nikamfungulia chombo. Akasema, "Am okay, Shosho, thank you." Nikamwambia chukua mwanangu. Akasema ameshakula. Nikamwekea andazi mkononi. Akalimaliza kwa kutafuna mara mbili, akachukua la pili mwenyewe, na la tatu akalifunga kwenye leso. Akaanza kucheka peke yake. Akanieleza, nusu kwa lugha yangu nusu kwa yake, kwamba hajala tangu asubuhi, ila mama yake angemchapa kama angesikia amekubali mara ya kwanza.

Hapo ndipo kitu kikanigonga kichwani. Nikamwuliza, mwalimu wenu alipowapokea wageni, aliwauliza nini?

Lorraine akasema Mista Solomon, mkuu wa bendi, huwauliza wote swali moja, mmoja mmoja, wamesimama mbele yake: unataka kufanya nini hapa? Wengine wanasema ngoma, wengine wanasema tarumbeta, wengine wanasema wanataka kuwa mbele kabisa. Domina alisema chochote utakachonipa, mwalimu.

"Akampa chochote," Lorraine akasema. "Kwani Domina anaplay trumpet?"

Nikamwambia anapiga tangu miguu yake haijafika chini akikaa kwenye benchi. Lorraine akajipiga paji la uso. Akasema kuna kijana wa safu yake amehamia chuo kingine, nafasi yake iko wazi, na mechi kubwa ya mwaka, ile ambayo watu waliomaliza chuo hurudi kutazama, iko Oktoba. Mista Solomon anatafuta mtu.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya kama tunavyofanya kwetu. Mtoto haendi kujiombea. Anakwenda mtu mzima, anakaa, anaanza na habari za mvua, baadaye ndiyo analeta neno. Nikajifunga kitenge vizuri, nikamwambia Lorraine nipeleke kwa mwalimu wako, na wewe utakuwa mdomo wangu.

Mista Solomon ni mtu mrefu mwenye mvi, filimbi shingoni. Alivua kofia aliponiona, nikampenda. Nikampa maandazi, halafu nikamwekea kahawa kiganjani. Akafikiri ni karanga. Alipozitafuna uso wake ukakunjika mpaka masikio yakasogea, lakini hakutema, alimeza kiume na kusema ahsante. Nikamweleza habari za Ferdinand, za baiskeli, za soksi. Lorraine anatafsiri, na mahali pengine naona anaongeza chumvi, maana mwalimu alikuwa anacheka mahali ambapo mimi sikusema mzaha. Mwisho nikaleta neno: mjukuu wangu apewe ile nafasi, au walau asikilizwe.

 Mista Solomon akasema kwa upole kwamba ananiheshimu, namkumbusha bibi yake wa Carolina. Lakini kuna kijana mwingine alishakuja mwenyewe kuitaka nafasi ile. Na kwenye uwanja huu, akasema, hakuna anayeombewa. Mtu akishindwa kusema anachotaka mbele yake, atawezaje kupuliza mbele ya maelfu ya watu? Jumanne baada ya masomo atawasikiliza wote wawili, kama Domina atakuja. Yeye hatamwita. Aje kwa miguu yake.

Kumbe Domina alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha maji alichoniletea.

 Kutoka Shaw mpaka Fort Totten alibeba chombo changu kitupu magotini kama alivyobeba tarumbeta kwenye ndege. Kwenye treni nyekundu ndipo akaniuliza kwa nini nimemwombea. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyevuliwa shuka. Akaniambia mambo ambayo hakuwa ameyasema. Siku ile ya kwanza alikuwa anasubiri mwalimu amuulize tena. Alijua, kama watu wote wanavyojua, kwamba swali la kwanza ni la adabu tu. Mwalimu akageukia mtu mwingine. Akasubiri kesho yake. Akasubiri wiki. Kila akipeleka maji kwenye safu ya tarumbeta alifikiri leo atamuuliza.

"Nikienda sasa kuomba mwenyewe, si wataniona nina tamaa, Bibi?"

 Nilitazama dirishani mpaka kituo chetu.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa jikoni wote watatu, tunamenya ndizi, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usigande. Vumilia alikuwa ameshapata habari, sijui kwa nani, huku habari zinasafiri kwa simu haraka kuliko nyumbani. Akanichokoza kwanza mimi.

"Mama, nasikia ulikwenda kumposea mtoto tarumbeta. Na mahari ukapeleka?"

Nikamwambia nilipeleka, wakala maandazi yote, mchumba hawakutoa. Domina akacheka, kidogo tu, lakini alicheka. Nikadhani Vumilia ataendelea na maneno yake ya masomo. Badala yake akaendelea kumenya, na bila kuinua macho akaanza kusimulia jinsi alivyoanza kazi kule kwa wazee. Msimamizi alimuuliza siku gani zinamfaa. Akasema siku yoyote ni sawa. Akapewa kila Jumapili. Miaka yote kanisa letu likiimba, yeye anabadilisha mashuka. Alifikiri wataona wenyewe, watamhurumia, watamuuliza. Wenzake walidhani anazipenda Jumapili. Siku aliyokwenda kusema, msimamizi alimshangaa, akamwambia ungesema zamani, akambadilishia palepale.

"Nilikasirika," Vumilia akasema. "Si kwake. Nilikasirika kwamba ilikuwa rahisi hivyo." Akaweka ndizi sufuriani. "Mimi ninahofia masomo yako, mwanangu, hilo sifichi. Lakini usinifanye mimi kisingizio chako. Ukitaka, kaseme. Ukishindwa masomo nitakuja kukuburuta mwenyewe, mbele ya hizo kofia za manyoya."

 Baada ya kula Domina aliingia chumbani, nikasikia kitu kinakwaruza, halafu sauti ikatoka, nzima, kubwa, ukuta ukatetemeka. Alikuwa ametoa soksi. Jirani wa juu akagonga. Vumilia akachukua ufagio naye akagonga dari, kwa mdundo wa wimbo.

Jumanne nilikwenda naye. Aliniomba nisiseme neno hata moja, nikaahidi. Nikakaa kwenye lile benchi, safari hii nilibeba mto.

Kijana yule mwingine alikuwa wa mwaka wa pili, ametoka jimbo la Georgia, mtu wa adabu, alinisalimia kwa kuinamisha kichwa. Akapiga kwanza. Alipiga vizuri, siwezi kusema uongo. Vidole vyepesi, sauti safi, na magoti yake yalipanda juu sawasawa huku akipiga. Lorraine alikuwa amesimama pembeni na safu yake, amekunja mikono.

Zamu ya Domina. Ilivyotoka ile tarumbeta yenye bonde kwenye kitenge, vijana wawili watatu wakatazamana. Akaiweka mdomoni. Alipiga wimbo wa kwetu wa Pasaka, ule ambao Ferdinand alikuwa anafungulia ibada ya alfajiri, watu wanapanda kilima na taa. Mwanzoni sauti ilikuwa ndogo, nikaogopa. Halafu ikafunguka. Mwalimu akamwambia tembea nao. Akatembea, na miguu yake ikakataa, ikaenda polepole, ikiteleza, mwendo wa jeneza. Mtu akacheka. Domina akasikia. Akasimama, akavuta pumzi, akaanza tena kwa kasi maradufu, goti likapanda, likapanda tena, si juu kama la yule kijana, mara moja alipepesuka, lakini sauti haikukatika. Mpiga ngoma mmoja aliyekuwa anafunga vitu vyake akaanza kumfuata kwa vidole kwenye ngozi ya ngoma, taratibu.

Alipomaliza Mista Solomon aliwasimamisha wote wawili mbele yake. Akasema wote wanajua kupuliza. Mmoja ana miguu, mmoja ana pumzi, na miguu anaweza kuifundisha kabla ya Oktoba. Nafasi ni moja. Akamuuliza kijana anataka nini. Kijana akasema anaitaka, mwaka jana aliikosa, na asipoipata atarudi mwakani kuitaka tena. Akasema wazi, bila kiburi, na hakuna aliyemwona ana tamaa.

Halafu akamgeukia Domina. Lorraine alinitafsiria baadaye, lakini swali lile nililijua hata bila tafsiri.

Nilimwona mjukuu wangu anamtazama yule kijana. Nilijua anachokiwaza, ningekiwaza hata mimi: huyu ni mkubwa kwangu, alitangulia, mwachie.  Akanitafuta mimi kwenye benchi. Nami nikainamisha uso, nikatazama viatu vyangu, nikavitazama sana, ili asije akaokota jibu usoni kwangu.

 Nikamsikia anakohoa kidogo.

"Naitaka mimi, mwalimu," akasema. "Nataka kupiga tarumbeta. Nimeitaka tangu siku ile uliponiuliza."